Magonjwa ya kuambukiza kwenye sinema, nyimbo na tamthilia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watazamaji wa mwambao wa Mwanza

Mimi ni tabibu mstaafu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikialikwa kuzungumza na watazamaji sinema inapokwisha, wakati mwingine katika vibanda umiza vya mialoni, wakati mwingine katika kumbi za shule za Ilemela na Nyamagana. Maswali hurudi yale yale, hata sinema ikiwa nyingine. Nimeyaandika hapa kwa maneno yaliyo karibu na ya waulizaji wenyewe, na kila jibu nimelipa urefu linaoustahili.

Je, ni kweli kwamba mgonjwa wa Ebola au Marburg hutoka damu machoni na masikioni?

Ni mara chache sana. Wagonjwa wengi huanza na homa ya ghafla, uchovu mkubwa, maumivu ya kichwa na misuli, kisha hutapika na kuharisha. Damu inayoonekana kwa macho huwatoka chini ya nusu yao, tena hutoka kwenye fizi, kwenye choo au mahali palipochomwa sindano, wala si ile chemchemi inayorushwa na mafundi wa sinema. Viungo vya ndani haviyeyuki, ingawa kuna vitabu na sinema vilivyouza sana kwa kusema hivyo. Wengi hufa kwa sababu mwili umeishiwa maji na chumvi, shinikizo la damu limeshuka na viungo vimeshindwa kufanya kazi, na ndiyo maana dripu iliyotundikwa mapema ni silaha kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Kosa hili la sinema si dogo kwetu. Mkoa wa Kagera umepata Marburg mara mbili: Machi 2023 katika Wilaya ya Bukoba, ambako waliugua watu 9 na kufariki 6, na Januari 2025 huko Biharamulo, ambako wagonjwa 2 walithibitishwa kwa maabara, wengine 8 wakahesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa na ugonjwa huo, na wote 10 walifariki. Bukoba na Mwanza zimetenganishwa na safari ya usiku mmoja ya meli. Katika majuma yale swali nililoulizwa zaidi lilikuwa, “Mbona hawatoki damu?”, kana kwamba kukosekana kwa damu ni ushahidi kwamba tunadanganywa. Mtu aliyezoea damu ya sinema hamshuku jirani anayetapika na kuharisha tu. Husema ni malaria au taifodi, akamshika, akamwosha na kumfulia nguo kwa mikono mitupu.

Na ile ya mtu kukohoa ukumbini, virusi vikaelea hewani na kuwaingia wote?

Picha hiyo imo katika *Outbreak*, sinema ya Marekani ya 1995, na inachekesha kidogo ukiitazama ukiwa umebanana na watu sitini kwenye benchi za kibanda. Virusi vya Ebola na Marburg huambukiza kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti, au vitu vilivyochafuliwa nayo. Dalili hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya maambukizi, na kabla ya dalili mtu hamwambukizi mwenzake. Hewani yamo magonjwa mengine. Mtu mmoja mwenye surua, kama wanaomzunguka hawana kinga, huweza kuambukiza watu 12 hadi 18, jambo ambalo Ebola haikaribii kabisa. Hata hivyo sijaona steringi yeyote akikimbizana na surua.

Yule tumbili aliyeleta ugonjwa katika sinema hiyo anapatikana misitu yetu?

Hapatikani. Sinema inasema alikamatwa Zaire, lakini mnyama aliyetumika ni wa jamii ya kapuchini, ambao asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Ni kama kupiga picha ya simbamarara na kuandika chini yake “Serengeti”. Nalitaja kosa hili kwa sababu linaonyesha waliotengeneza sinema waliiona Afrika kama chanzo tu, mahali pa kuchukulia hatari, na ukishapaona mahali kuwa chanzo hujisumbui kuuliza wanyama gani wanaishi pale.

Historia yenyewe ina mpindo ambao mwandishi wa sinema angeutamani. Marburg ni mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika mji huo, na wengine Frankfurt na Belgrade, waliugua baada ya kushughulika na tumbili walioagizwa kutoka Uganda kwa ajili ya utafiti na utengenezaji wa chanjo. Waliugua watu 31, wakafa 7. Tumbili nao walikuwa wameambukizwa, na huugua na kufa kama sisi. Baadaye ilibainika kwamba virusi hivyo huhifadhiwa na aina ya popo wala matunda wanaolala mapangoni, ambao wenyewe hawadhuriki. Ukweli huo usiwe sababu ya kuchoma mapango. Popo wakifukuzwa hutawanyika, na hatari hutawanyika nao.

Kwa nini kwenye sinema dawa hupatikana kwa siku mbili, na huku tunasubiri miaka?

Kwa sababu sinema ina saa mbili. Katika *Outbreak* anakamatwa tumbili, anatolewa damu, na kabla jua halijazama kijiji kizima, au tuseme mji mzima wa California, unapona. *Contagion* ya 2011 ilikuwa na adabu zaidi. Watengenezaji wake walishauriana na wataalamu wa virusi, wakaeleza vizuri ile namba inayoonyesha mgonjwa mmoja huambukiza wangapi, na chanjo yao ilichukua miezi, kisha ikagawiwa kwa bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa. Mwanzoni mwa 2020 watu wengi duniani waliitafuta upya, wakaitazama kama watu wanaotazama utabiri. Haikuwa utabiri. Wataalamu walikuwa wakiyasema hayo kwa miaka mingi, na waandishi wa sinema walikuwa wamewasikiliza, jambo ambalo si la kawaida. Chanjo za UVIKO-19 zilianza kutolewa kwa umma Desemba 2020, chini ya mwaka mmoja tangu muundo wa virusi hivyo utangazwe Januari, na kasi hiyo iliwezekana kwa sababu ya utafiti wa miaka mingi uliotangulia, ambao hauna picha ya kuvutia.

Kila sinema ina mtu wa kwanza aliyeleta ugonjwa. Je, kwa kawaida huwa anajulikana?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na naomba subira ya msomaji.

Sinema haiwezi kwenda bila adui. Kirusi hakina uso, hakina sauti, hakina nia; hakimchukii mtu wala hakimpendi. Kwa hiyo mwandishi humtafutia ugonjwa mwili wa kuvaa: mgeni aliyeshuka kwenye ndege, mwanamke mwenye wanaume wengi, muuza nyama, mwanasayansi mwenye tamaa. Watazamaji nao hutulia wanapomwona, maana sasa kuna wa kumnyooshea kidole.

Mfano mkubwa ni wa Gaëtan Dugas, mhudumu wa ndege kutoka Kanada aliyefariki 1984. Katika uchunguzi wa mwanzo wa UKIMWI huko Marekani alipewa herufi O, kwa maana ya mgonjwa anayetoka nje ya California. Wasomaji wakaisoma kama sifuri. Kutokana na kosa hilo akazaliwa “mgonjwa sifuri”, kikaandikwa kitabu kilichouzwa sana 1987, ikafuata sinema ya televisheni ya 1993, na jina la marehemu likabebeshwa mzigo wa kuiambukiza Amerika ya Kaskazini. Mwaka 2016 watafiti walichunguza vinasaba vya virusi kutoka katika damu iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1970, wakaonyesha kwamba virusi vilikuwa vimeshafika New York yapata 1970 au 1971, na kwamba vile vya Dugas havikuwa shina la chochote. Alikuwa mgonjwa mmoja kati ya maelfu, tena aliyewasaidia wachunguzi kwa kuwatajia majina. Ukarimu huo ndio uliomfanya aonekane yuko katikati ya mchoro.

Kumtafuta mgonjwa wa mwanzo katika mlipuko ni kazi halali, kwa sababu kunasaidia kuwafikia aliogusana nao. Kumtafuta ili ahukumiwe ni kazi ya sinema, na athari yake ni kwamba mlipuko unaofuata, mgonjwa wa kwanza atajificha.

Huku kwetu nani alipewa lawama ya UKIMWI?

Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania walikuwa watatu, mkoani Kagera, mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, Rakai nchini Uganda, watu waliuita ugonjwa huo “slim” kwa jinsi ulivyokondesha. Upande wetu ulipata jina la mwanamke, Juliana, jina ambalo inasimuliwa lilitokana na aina ya nguo zilizoletwa na wafanyabiashara wa magendo baada ya vita vya Kagera. Angalia jinsi jina moja lilivyobeba washukiwa watatu kwa pamoja: mwanamke, mgeni na mfanyabiashara. Hakukuwa na sinema ya ugonjwa huo wakati ule, lakini kazi ya sinema ilikuwa imeshafanyika midomoni mwa watu.

Baadaye yakaja majina ya mzaha: ngoma, umeme, kukanyaga miwaya. Herufi za Kiingereza za ugonjwa, AIDS, zikapewa maana ya “Acha Iniue, Dogodogo Siachi”. Wapo wanaodai kwamba mizaha hiyo ilipunguza hofu. Kwa uzoefu wangu wa wodini, ilipunguza hofu ya aliye mzima na kuongeza aibu ya mgonjwa. Mtu aliyesemwa kuwa amekanyaga waya ameshaambiwa kwamba hakuangalia anapokwenda.

Wanamuziki walitutangulia sisi wa afya. Mnamo mwaka 1990 Remmy Ongala aliimba “Mambo kwa Soksi”, wimbo wa kuhimiza kondomu kwa jina la utani, na redio ya taifa ikakataa kuupiga. Watu wakaujua hivyo hivyo kutoka kwenye kumbi za dansi na kanda. Ng'ambo ya ziwa, Philly Lutaaya alitangaza mwaka 1989 kwamba anaishi na virusi, akiwa Mganda wa kwanza mashuhuri kufanya hivyo. Akazunguka shuleni na makanisani kabla ya kufariki Desemba mwaka huo huo. Alichokifanya Lutaaya ni kinyume kabisa cha mgonjwa sifuri: aliupa ugonjwa uso kwa hiari yake, na uso huo ulikuwa wa mtu anayependwa.

Je, ile sinema ya Mzungu kuhusu sangara ilisema kweli juu ya Mwanza?

Waulizaji humaanisha *Darwin's Nightmare* ya Hubert Sauper, Mwaustria, iliyotoka 2004 baada ya kupigwa picha katika jiji letu na mialo yake. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa sinema za uhalisia, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani akisema inachafua jina la nchi. Wazee wa hapa bado hugawanyika wanapoitaja, na mara mbili nimelazimika kuahirisha mjadala mpaka watu wapoe.

Rai yangu ni hii. Watu waliomo walikuwapo. Mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki minofu ikishaondolewa, yalikaangwa na kuliwa, na wapo waliokuwa wakila mapanki wakati minofu inapanda ndege. Watoto walilala barabarani. Wanawake waliouza miili yao kwa marubani walikuwapo, na wavuvi walikufa kwa UKIMWI makambini bila wa kuwazika. Wanaosema yote ni uongo hawakufanya kazi wodini miaka ile. Tatizo ni mnyororo ambao sinema inaufunga: samaki, ndege zinazobeba minofu, silaha zinazodaiwa kuletwa na ndege hizo, umalaya, maradhi, kila pete imeungwa kwa picha inayofuata badala ya ushahidi. Katika mnyororo huo UKIMWI haukuwa ugonjwa wenye njia zake za kuambukiza na kuzuiwa. Ulikuwa kivuli tu cha sangara, alama ya kwamba mahali pale pamelaaniwa. Na mahali palipolaaniwa hapatibiwi.

Kilichokosekana kwenye picha kilikuwa mtaa wa pili. Kati ya 1991 na 1994 watafiti wa jiji hili hili, pamoja na wenzao wa nje, walifanya utafiti katika jamii 12 za mkoa, wakaboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida za nusu ya jamii hizo, kisha wakalinganisha. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40 pale matibabu yalipoboreshwa. Matokeo yalichapishwa 1995, yakasomwa dunia nzima. Na Oktoba 2004, mwaka uleule wa sinema, mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo ulianza. Muuguzi anayejaza rejesta ya zahanati hana mvuto wa kupigwa picha, nakubali. Lakini mtazamaji wa Paris aliyeona sinema ile alitoka akijua kwamba Mwanza ni mahali watu wanapofia. Hakujua kwamba ni mahali dunia ilipojifunzia namna ya kuzuia.

Tamthilia za redio na filamu za mafunzo zilisaidia kweli, au zilikuwa za kupoteza fedha za wafadhili?

Nyingi zilichosha, na kosa lao lilikuwa moja: kila mhusika aliongea kama bango la ukutani. Isipokuwa *Twende na Wakati*. Ilianza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, na mhusika wake Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke katika kila kituo, alisikilizwa na watu ambao hawangekaa dakika mbili kusikiliza mhadhara wa afya. Mkwaju alifurahisha. Wasikilizaji walicheka naye, wakamwonea wivu kidogo, halafu wakamsikia anavyodhoofika. Mkewe Tunu, aliyeanza akiwa mnyonge, alijifunza kujitegemea hatua kwa hatua.

Kilichoifanya tamthilia hiyo iwe ya pekee ni namna ilivyopimwa. Kwa miaka miwili ya mwanzo haikurushwa Dodoma, ambako kituo kilipiga vipindi vingine saa ile, ili watafiti walinganishe. Waliosikiliza walieleza kwa wingi zaidi kwamba wamepunguza idadi ya wapenzi au wameanza kutumia kondomu. Mtu anaweza kuhoji majibu ambayo watu wanayatoa kuhusu chumbani kwao, nami huhoji, lakini ni sanaa chache sana zilizowahi kupimwa kwa uangalifu wa namna ile.

Dosari yake ninayoiona leo ni kwamba Mkwaju alipaswa kufa, kwa kuwa dawa hazikuwapo. Tumebaki na mazoea hayo. Mpaka sasa katika filamu zetu nyingi mwenye VVU hukonda, hukohoa, huomba msamaha na kuzikwa, ilhali kliniki zimejaa watu walionawiri wanaomeza dawa kila siku, na mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Filamu yenye mwanamke wa namna hiyo anayebishana na mumewe kuhusu ada ya shule, bila VVU kuwa mkasa, bado naisubiri.

Kwa nini hakuna sinema ya kichocho?

Kijana mmoja aliuliza hivi huku ukumbi mzima ukicheka, lakini lilikuwa swali la maana kuliko alivyodhani. Kichocho ni ugonjwa wa ziwa hili kama sangara alivyo samaki wake. Vimelea hutoka kwenye konokono wadogo wa majini, hutoboa ngozi ya anayeoga, anayevua au anayechota maji, na minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya tumbo kwa miaka. Ukerewe, Ukara na Kome watu wengi wameambukizwa tangu utotoni. Ini huvimba, tumbo hujaa maji, na siku moja mtu hutapika damu nyingi akafa, na majirani husema amerogwa.

Sasa fikiria unamuuzia mtengeneza filamu kisa hicho. Adui ni konokono. Mashambulizi hayaonekani wala hayaumi, isipokuwa muwasho kidogo. Kati ya tukio la kwanza na la pili inapita miaka kumi na tano. Tiba ni dozi ya vidonge vya prazikwanteli, inayomezwa mara moja darasani baada ya uji, na baada ya hapo mtoto anarudi ziwani na kuambukizwa tena kwa sababu nyumbani hakuna maji ya bomba. Hakuna wa kukamatwa mwishoni. Ukitaka kumkamata mtu utalazimika kumkamata fundi bomba ambaye hakuja, na huyo hajawahi kuonekana kwenye sinema yoyote.

Kipindupindu kina bahati mbaya ya aina nyingine: kina kasi ya kutosha, kinaweza kuua mtu mzima kwa saa chache, lakini kinaua kwa kuharisha, na hakuna steringi anayekubali kuharisha mbele ya kamera. Hata hivyo ni ugonjwa ambao mgonjwa anayetibiwa mapema kwa maji yenye chumvi na sukari na dripu hupona karibu kila mara. Kikombe kile kingestahili kuonekana.

Mtu akikohoa damu kwenye leso, ndio mwisho wake?

Kwenye hadithi, ndiyo. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko sinema. Opera za Italia za karne ya 19 ziliwaua mabinti wazuri kwa kifua kikuu, wakiwa weupe, wapole na wanaoimba vizuri hadi pumzi ya mwisho. Robert Koch alitangaza kimelea chake mwaka 1882, na leo dawa za miezi sita huponya wengi. Duniani bado kinaua zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka, na sehemu ya vifo hivyo hutokana na imani kwamba kukohoa damu ni hukumu. Anayekohoa wiki mbili au zaidi apeleke makohozi yakapimwe, hata kama leso ni safi.

Mazombi ni kichaa cha mbwa kilichokuzwa?

Kwa kiasi fulani, ndiyo: kung'ata, povu, ghadhabu, ugonjwa kupita kwa mate. Tofauti kubwa iko kwenye muda. Zombi hugeuka kwa sekunde chache, lakini kichaa cha mbwa kwa kawaida huchukua majuma hadi miezi kabla ya dalili, na muda huo ndio nafasi ya kuokoa maisha. Kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu awahi chanjo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Nimewahi kumpokea mzazi aliyemleta mtoto baada ya mwezi mmoja kwa sababu “hakubadilika”, na neno hilo alikuwa amelitoa kwenye sinema.

Je, madijei wanaotafsiri sinema vibandani wanapotosha?

Wakati mwingine wanapotosha, na wakati mwingine wanaokoa. Nilimsikia mmoja, mwalo mmoja wa Ilemela, akikiita kirusi “sumu waliyoitengeneza mabeberu” tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali kwenye picha daktari alikuwa akieleza habari za popo na nguruwe. Juma lililofuata mwingine, kwa sinema ile ile, aliisimamisha picha na kuwauliza watazamaji nani amenawa mikono kabla ya kula dagaa. Watu walicheka, na wawili walitoka kwenda kunawa. Dijei anasikilizwa kuliko mimi. Ningekuwa na uwezo ningewaalika wao kwenye semina zetu, na posho walipwe.

Sinema za afya zilianza lini nchini?

Mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza uliopiga filamu huko Vugiri, mkoani Tanga, zikiwemo za minyoo ya safura, na kuzizungusha vijijini katika nchi kadhaa za Afrika. Kutoka enzi hizo kimebaki kisa kinachorudiwa sana cha wanakijiji walioona mbu mkubwa kwenye pazia wakasema kwao hakuna mbu wa ukubwa ule. Sikiamini. Kinafanana mno na kile ambacho mtu angependa kusimulia klabuni kuhusu watu anaowadharau.

Ni sinema gani unashauri zionyeshwe?

Mbili za Afrika. *Yesterday* ya Afrika Kusini, 2004, inayozungumzwa Kizulu, kuhusu mama wa kijijini na mumewe mchimba madini. Watu wa Geita huielewa bila kutafsiriwa. Na *93 Days* ya Nigeria, 2016, kuhusu Ebola ilivyoingia Lagos Julai 2014 na Dkt. Ameyo Stella Adadevoh, aliyekataa kumruhusu mgonjwa wa kwanza kuondoka hospitalini licha ya mashinikizo, akafa kwa ugonjwa huo. Nigeria nzima ilikuwa na wagonjwa 20 na vifo 8, kwa sababu watu karibu 900 waliogusana na wagonjwa walifuatwa mmoja mmoja mlangoni. Hiyo ndiyo kazi ya kuzuia mlipuko: kugonga mlango.

Ukipewa fedha utengeneze sinema ya ugonjwa wa ziwa hili, utachagua upi?

Malale ya mwanzoni mwa karne ya 20. Yaliua zaidi ya watu 200,000 katika mwambao wa kaskazini na visiwa vyake, yakienezwa na mbung'o wa vichaka vya ufukweni. Mwaka 1906 Koch, akiwa amepewa tuzo ya Nobel mwaka mmoja tu nyuma kwa kazi yake juu ya kifua kikuu, alivuka ziwa na kupiga kambi visiwa vya Ssese, upande wa Uganda. Wagonjwa walimjia kwa mamia kwa mitumbwi. Aliwachoma sindano za atoksili, dawa yenye aseniki, na mwanzoni walipata nafuu, wakasimama, wakala. Nafuu ilipokuwa haidumu aliongeza dozi.

Ningeanza na mitumbwi. Ningemwonyesha daktari mwenye ndevu akiandika hadi usiku kwa taa ya mafuta, kwa bidii na bila hila yoyote. Na picha ya mwisho ingekuwa ya asubuhi, mgonjwa mmoja amekaa nje ya hema akielekea ziwani, mwenzake anamwonyesha mtumbwi unaoingia, naye anageuza uso upande wa sauti ya makasia, kwa sababu dawa imempofusha.